Kitambaa Chekundu Chini ya Ukuta

Nilipokuwa mtoto nilijua kwamba ukuta unaweza kutoka jasho, na nilijua jasho lile ni la nani, na mpaka leo, pamoja na kufika kidato cha nne na kuzaa mtoto wangu mwenyewe, nikipita pale huutazama ukuta chini kabla sijautazama juu. Naandika haya mbiombio kwa sababu Idi imekaribia, na baba yake mtoto ameshasema tutakwenda bwawani kama watu wote, kwani si ubao wa pale umeandikwa kwamba hali ni nzuri, na mimi nikasema sawa. Lakini tangu niseme sawa usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Nianze na bwawa lenyewe. Liko juu ya Msambweni, kwenye mashamba ya zamani ya miwa, na lilijengwa enzi za Wazungu na msimamizi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, ndiyo maana hadi leo linaitwa Bwawa la Kofia. Hakulijenga la kumwagilia miwa wala la kunyweshea ng'ombe. Alilijenga la starehe. Alitaka yeye na wageni wake waogelee na wajipigie makasia jioni, basi akaziba kijito kwa ukuta mnene wa udongo, akautia saruji mgongoni, akaweka ngazi za kushukia majini na pete ya chuma ya kufungia mashua. Kisha akaenda zake. Mashua zikaoza, pete ikabaki, na bwawa likawa letu. Kila Idi vijiji vyote vya jirani vilipanda pale na masufuria ya pilau, na mtoto ambaye hakulowesha nguo yake mpya bwawani alionekana kama hakusherehekea.

Lakini kabla ya ukuta palikuwa na chemchemi, na chemchemi ilikuwa na mwenyewe. Jina lake halikutajwa, tulimwita hivyo tu, Mwenyewe, na yeye alikuwa mwanamke. Kofia alimzibia mlango bila kumpigia hodi, na tangu siku hiyo, alisema Bibi, ameuegemea ukuta kwa mgongo anausukuma polepole, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Akisukuma hutoka jasho, na jasho lake huchuruzika upande wa pili, ule mkavu, chini kabisa ya ukuta, ambako majani yalikuwa mabichi hata wakati wa kaskazi, ardhi nyingine yote ikiwa imekauka kama ukoko. Pale hatukuruhusiwa kucheza. Ukitaka maji nenda upande wa maji, ukitaka kivuli kaa juu, lakini ole wako Bibi akukute kwenye majani mabichi.

Bibi huyu, mama yake baba yangu, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mzimu wa pale, kazi aliyoachiwa na mama yake. Maalim wetu wa chuo cha Kurani hakuipenda kazi hiyo na hakuficha, naye Bibi, ambaye hakuwa akikosa swala hata moja, alikuwa akimjibu kwa adabu kwamba yeye hamwabudu mtu, anamsalimia jirani tu. Alimpelekea ubani na marashi, na watu wenye shida zao walifunga vitambaa kwenye kichaka kilichokuwa kando ya ukuta, cheupe cha kushukuru, cheusi cha ugonjwa. Chekundu hakikufungwa na mtu yeyote isipokuwa Bibi, na mimi sikuwahi kumwona akikifunga. Na sheria moja ilikuwa ya kila mtu: kitambaa kipya hakipitwi mikono mitupu. Ukikiona, umwekee Mwenyewe chochote, hata peremende, ili shida ya mwenzio iwe nyepesi, na wewe ukiomba hapo hapo ombi lako linabebwa pamoja na la mwenzio.

Sasa siku hiyo, Idi ya kuchinja ikiwa inakuja, kijiji chote kilikuwa harusini. Ofisi ya maji ikamtuma injinia, mwanamke wa kutoka bara, kuja kuyakagua mabwawa ya zamani na kuyapa madaraja. Akapima ukuta, akazunguka chini, akaona majani mabichi, akachomeka kijiti mahali penye unyevu, na juu ya kijiti akafunga kitambaa, ili watu waone wasikaribie. Kitambaa chekundu. Maagizo yote akamwachia mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji siku hiyo hiyo akaondoka kwenda Lunga Lunga kutafuta mbuzi wa Idi, akaondoka na maagizo yake kifuani.

Asubuhi wanawake wanakwenda kuteka maji wakakiona. Chekundu! Na si kichakani, bali penyewe, kwenye jasho. Wakamuuliza Bibi kama ni yeye, akasema si yeye, wakatazamana. Basi maneno yakaanza kutembea. Mara kimewekwa na tajiri wa Diani mwenye hoteli ambaye wageni wamemkimbia, mara kimeletwa na mganga kutoka Wasini, na ikaonekana kwamba shida iliyopewa kitambaa kikubwa namna ile lazima itapata jibu kubwa, kwa hiyo mwenye akili ni yule atakayeipandisha shida yake hapo mapema. Nilikwenda na wenzangu tukaweka peremende. Jioni palikuwa na mayai na mkate wa sinia. Kesho yake palikuwa na mikeka. Yaani watu walikaa, wakatandika, wakamenya machungwa, wakasukana nywele, chini ya ukuta, maji ya bwawa zima yakiwa nyuma ya vichwa vyao.

Na Mama yangu akaenda na kuku.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika hadithi hii, nisiseme ni hadithi, katika jambo hili. Baada yangu Mama alikuwa hajapata mtoto mwingine, si kwamba hakushika mimba, zilikuwa zikimtoka, na kila ikimtoka alikuwa akifagia uwanja siku hiyo kama mtu anayetarajia wageni. Siku zile alikuwa na nyingine, changa, ambayo sikuambiwa lakini nilijua, kwani watoto hujua. Akamchukua kuku wetu mweupe, akamfunga mguu kwenye kijiti chenye kitambaa, akatandika khanga, akakaa. Hakusukana wala hakumenya chungwa. Alikaa ameegemea ukuta kwa mgongo, na mimi nilipomwona hivyo nilipata hofu ambayo nimekuja kuijua tena juzi juzi tu, kwa sababu kichwani mwangu niliwaona wawili, Mama upande huu na Mwenyewe upande ule, migongo yao ikisukumana.

Nikakimbia kumwita Bibi.

Bibi alikuja hana hata mtandio kichwani. Aliinama akatia kidole kwenye yale maji, akakitazama, kisha akasema kwa utulivu, mbele ya wote, kwamba chekundu si cha kuomba. Chekundu ni cha kuondokea. Mama yake alimwambia hivyo, naye aliambiwa na mama yake, siku kitakapofungwa chekundu watu wainue mikeka. Mwanamke mmoja akacheka chini kwa chini akasema mlinzi ameona wivu, watu wameweka kitambaa bila kumpa yeye chake. Bibi akamgeukia Mama.

"Mama Siti, mwanangu, inuka."

Mama hakumtazama. "Mama, wewe una wanao," alisema. "Niache na mimi niombe."

Neno hilo lilimkaa Bibi usoni. Mkwe wa kwetu hamjibu mama mkwe namna ile, tena hadharani, na tayari wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba kizee hataki mke wa mwanawe azae. Akiongeza neno atakuwa amelithibitisha. Akarudi nyumbani, na mimi nikabaki katikati ya njia, sijui nimfuate yupi.

Aliyeniokoa alikuwa injinia, aliyerudi siku iliyofuata kuangalia kijiti chake. Alibebwa kwenye tuktuk ya Mjomba Bakari, ndugu yake Mama, ambaye alikuwa akiendesha Ukunda na alikuwa na maneno mengi kuliko abiria. Mama alikuwa ameshakaa mahali pake. Injinia alisimama juu ya ukuta na mabuti yake ya mpira, akatazama chini, akaona mikeka, mayai, sinia, watoto, kuku, na katikati yake kijiti cha serikali kimepakwa marashi kama bibi harusi.

"Nani amewaambia mkae hapa?"

"Si wewe?" Mjomba akamwuliza. "Umeweka kitambaa. Kwetu huku kitambaa ni kadi ya mwaliko."

Nadhani angeweza kutufokea. Badala yake akakaa kwenye saruji akacheka mpaka akafuta macho, kisha akashuka, akawa hachezi tena. Akatueleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema bwawa hupewa alama mbili. Ya kwanza ni ya hali, yaani ukuta wenyewe ukoje, na wetu ulikuwa wa wastani, mzee anayekohoa lakini anatembea. Ya pili ni ya hatari, na hiyo wala haiuulizi ukuta. Inauliza, ukianguka, kuna nani chini? Siku ya kwanza alipokuja chini hapakuwa na mtu, akaandika hatari ndogo. Sasa ukuta ni ule ule, haujapata hata ufa mpya, na hatari imekuwa kubwa.

"Mmeipandisha nyinyi," alisema, "kwa mikeka."

Bibi alikuwa ameshafika, amesimama nyuma na chetezo chake cha ubani. Akaitikia kama anayesikia habari za ndugu wa zamani. "Ndivyo alivyo," akasema. "Mwenyewe hali ukuta. Hula watu."

Hapo mikeka ilianza kukunjwa, upesi upesi, na yule aliyesema wivu alikuwa wa kwanza. Lakini Mama hakuinuka. Alisema ameshaanza ombi, na ombi la mzimuni likikatwa katikati hugeuka, na yeye hana mimba nyingine ya kuichezea. Injinia akamsihi. Mjomba Bakari akaacha mzaha, akamshika dada yake mkono, Mama akautoa. Mimi nikaenda nikakaa naye kwenye khanga. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimeona tu kwamba kama anabaki basi nabaki, na nakumbuka ubaridi wa ule udongo ukipenya nguo yangu.

Bibi alitutazama, kisha akavua viatu.

Kuna desturi moja ambayo sikuwa nimewahi kuiona na sijaiona tena. Kiti cha mzimu, yaani mahali anapokaa, kinaweza kuhamishwa, lakini na mlinzi tu, miguu mitupu, ubani ukiwaka mbele yake, na hageuki nyuma mpaka amekiweka chini, na mwenye ombi lake hukifuata. Ombi halikatiki, linahama na kiti. Bibi akapiga magoti kwenye majani mabichi aliyotukataza maisha yetu yote. Akasema na Mwenyewe kwa Kidigo, polepole, sauti ya mtu anayemwomba mgonjwa ajisogeze kitandani, kisha akachota konzi ya ule udongo wenye maji akaitia kwenye kifuu.

Injinia akawahi kusema kijiti kisiondolewe, ni alama.

"Kijiti ni chako, mwanangu, kibaki," Bibi akamwambia. "Mimi nachukua kiti. Nishikie chetezo."

Na injinia wa serikali, mabuti yake hadi magotini, akashika chetezo akatangulia kupanda, moshi ukimwingia puani anapiga chafya, Bibi nyuma yake na kifuu, na nyuma ya Bibi, ndiyo, Mama, amemfungua kuku amemkumbatia, na mimi nimeshika ncha ya khanga yake. Tulipofika juu kwenye ngazi za Kofia, Bibi akakiweka kifuu kando ya pete ya chuma akasema, "Kaa hapa, mwanangu, umalizie." Mama akakaa. Bibi naye akakaa kando yake, bega kwa bega, na mikono yake, niliiona, ilikuwa ikitetemeka.

Kilichobaki kilikuwa gurudumu. Injinia alitaka maji yapunguzwe kabla ya mvua, na juu ya ukuta kulikuwa na gurudumu la chuma la kufungulia, lililoshikwa na kutu, ambalo tulikatazwa kuligusa kwa sababu ndilo kufuli la Mwenyewe. Wanaume wote wakakumbuka kwamba wana maumivu ya mgongo. Bibi akawaambia Mwenyewe ameshatoka, mnafunga nini tena? Basi likamiminiwa mafuta ya nazi, yale yale waliyokuwa wakisukia nywele, likapigwa nyundo, watu wakalining'inia, mpaka likalia mlio ambao mbwa wa kijiji kizima waliuitikia, na maji yakaanza kutoka, ya tope kwanza, kisha safi.

Kwa hiyo Idi ile bwawa lilikuwa la kufika magotini, na Wallahi sijaona Idi kama ile. Nguo mpya ziliisha zote. Kambare walikuwa wakirukaruka kwenye tope na wazee wenye kanzu wakiwakimbiza, mzee wa kijiji amerudi na mbuzi wake na maagizo yake, anayatoa kwa sauti kwa yeyote atakayemsikiliza. Baba alikuwa amepata ruhusa hotelini, alikuwa mlinzi Diani, na amekaa juu kwenye ngazi na Mama na Bibi wanakula sinia moja. Na adhuhuri, watu wote wakiwa upande wa juu, tukasikia kitu kama mtu mnene anayeshuka kitandani. Tukakimbilia ukingoni kutazama. Kipande cha udongo, kiasi cha mkokoteni wa punda, kilikuwa kimeteremka pale pale kwenye majani mabichi, taratibu, na kimekwenda na kijiti, kitambaa, mayai na mkate wote wa sinia. Maji machache yakakifuata, yakakoma. Injinia alituambia baadaye kwamba bwawa lingekuwa limejaa lisingekoma.

Mjomba Bakari akasema, kwa sauti ya karani anayegonga muhuri:

"Amepokea."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama alicheka akiwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, na Bibi akamwambia acheke polepole.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka uliofuata, sasa ananizidi urefu. Bibi alisema ni Mungu, Mama alisema ni Mungu, Mjomba alisema ni kuku. Kuku mwenyewe hakuchinjwa, alizeeka nyumbani kwetu kama mstaafu. Mimi niliwahi kumwuliza Bibi, kabla hajafariki, kama kweli siku ile Mwenyewe alihama, au alikuwa anamtoa Mama tu. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kwani wewe ungekaa mahali palipooza?" na akaendelea kuchambua, na hadi leo sijui nilijibiwa nini.

Ukuta ulitengenezwa. Chini wakaweka mawe, wakatia bomba, sasa jasho linatoka kwa heshima, na juu pana ubao wa mistari miwili. Hali: nzuri. Hatari: kubwa. Mume wangu husoma mstari wa kwanza akaingia zake majini. Mimi huusoma wa pili, na nilipouona mara ya kwanza niligutuka, mbona wakati wetu ukuta ulikuwa unakohoa na ilikuwa ndogo? Halafu nikageuka nikatazama upande mkavu, nikaona nyumba. Watu wamejenga huko, kuna kibanda cha chipsi, kuna nguo za watoto kwenye kamba. Ukuta umepona, na alama imepanda.

Na hapo, nimesimama na mwanangu kiunoni anavuta hereni yangu, ndipo nilipojielewa. Kwa sababu tangu nimzae nimekuwa mwoga, mwoga wa ajabu, naogopa ngazi, naogopa mahindi ya kuchoma, naogopa pikipiki iliyozimwa, na wenzangu wananicheka, hata mimi nilianza kufikiri kwamba kuna kitu kimeharibika ndani yangu. Hakuna kilichoharibika. Hali: nzuri. Ila zamani chini yangu hapakuwa na mtu, na sasa yupo, analala kifudifudi na kidole mdomoni. Nadhani Bibi alijua, ndiyo maana mikono yake ilitetemeka baada ya kupanda, sisi tukiwa tumeshatoka chini, si kabla.

Kwa hiyo Idi nitakwenda. Nguo yake nimeshashona, ya kijani, itaisha, na iishe. Nitapitia kwanza upande wa chini, nitatia kidole kwenye maji ya bomba nione kama ni safi, nitasema hodi kwa sababu Kofia hakusema, kisha nitapanda nikatandike khanga juu, kwenye ngazi, karibu na ile pete. Mama ameshanitumia ujumbe kwamba yeye atatangulia kunishikia nafasi, na kwamba nisisahau kuku.